Nani abebe bendera Warsong Gulch: druidi, mpiganaji au shamani?

Uliza kikosi chochote cha Warsong Gulch, uwanja wa kunyang'anyana bendera katika mchezo wa kompyuta World of Warcraft, nani abebe bendera, utajibiwa "druidi" kabla hujamaliza swali. Jibu hilo ni la kweli kwa nusu ya kazi tu. Mbebaji ana kazi mbili zisizofanana: kuitoa bendera kwa adui na kuifikisha nyumbani, kisha kukaa nayo akiwa hai mpaka bendera ya kwenu irudishwe. Anayeng'ara kwenye ya kwanza anaweza kuwa mzigo kwenye ya pili. Na kinachoamua zaidi ni idadi ya waponyaji mlionao, kuliko hata aina ya mhusika.

Ulinganisho huu unahusu World of Warcraft Classic, toleo lililorudisha kanuni za zamani mwaka 2019, kwa wachezaji wa kiwango cha 60. Ukicheza toleo la kisasa, namba nyingi hapa zimebadilika, na kuna adhabu ambayo huku haipo: bendera zote mbili zikishikiliwa muda mrefu, wabebaji huanza kuumizwa zaidi na zaidi, kwa hiyo kukaa tu hakusaidii kama zamani. Majina ya uwezo nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili uyatambue ukiwa ndani ya mchezo.

Kanuni ni fupi. Timu mbili za watu 10, moja ya kila upande wa mchezo: ngome ya Alliance kaskazini, ya Horde kusini. Anayefikisha bendera mara 3 kwanza ameshinda, lakini huwezi kufunga kama bendera yenu haipo mahali pake. Bendera ikianguka chini, mwenzako anaweza kuiokota na adui anaweza kuibonyeza ikarudi kwao papo hapo. Ikiachwa bila kuguswa, hurudi yenyewe baada ya kama sekunde 10. Waliokufa hufufuliwa kwa makundi, kila sekunde 30. Mbebaji haruhusiwi kupanda kipando.

Hilo la kipando ndilo linalofanya kasi iwe na thamani. Mtu akikimbia kawaida huenda yadi 7 kwa sekunde. Mwenye nyongeza ya asilimia 40 huenda yadi 9.8. Adui aliye juu ya kipando cha daraja la juu huenda yadi 14. Katika umbali wa yadi 200, wa kwanza atatumia karibu sekunde 29, wa pili zaidi kidogo ya 20, na adui wako kama 14. Maana yake ni kwamba hakuna mbebaji anayemkimbia mpanda kipando kwenye uwanja ulio wazi. Unachonunua kwa hizo sekunde 8 za tofauti ni kupunguza idadi ya watakaokufikia, na hao wachache watakaokufikia bado lazima uwe na jibu lao.

Druidi

Sababu ya watu kumtaja kwanza ni Travel Form, umbo la duma linaloongeza kasi kwa asilimia 40 na kubadilika kwake ni papo hapo. Lakini kasi siyo silaha yake kubwa. Silaha yake kubwa ni kwamba kila anapobadilisha umbo, minyororo yote ya miguuni hukatika: mizizi ya druidi mwenzake, barafu ya Frost Nova, Hamstring ya mpiganaji. Na akiwa ndani ya umbo hawezi kugeuzwa kondoo. Kikosi cha adui kinachotegemea kunasa na kupunguza kasi kinabaki kimeshika hewa.

Mgawanyo wa pointi 51 za talanta (uwezo wa ziada unaojichagulia) uliozoeleka kwa kazi hii ni 0/30/21: 30 kwenye tawi la Feral hadi Heart of the Wild, 21 kwenye tawi la Restoration hadi Nature's Swiftness. Hiyo ya mwisho hukuwezesha kutoa Healing Touch nzima, uponyaji wako mkubwa, bila kusubiri, mara moja kila dakika 3. Njiani unachukua Feral Charge na pointi zote tano za Furor. Watu huipuuza Furor, nao ni uzembe: kila ukiingia umbo la dubu unapewa ghadhabu 10 (nguvu inayolipia mbinu za dubu na za mpiganaji) mara moja. Feral Charge, ya kumrukia adui, inakula 5; Bash, ya kumduwaza, inakula 10. Kwa hiyo ukinaswa ukiwa duma, unaingia dubu, mnyororo unakatika, na hapo hapo una ghadhabu ya kumrukia adui aliye mbele yako umbali wa yadi 8 hadi 25, ukamshikilia chini kwa sekunde 4. Usimrukie anayekufukuza nyuma. Mrukie aliyesimama kati yako na nyumbani, umpite, kisha rudi umbo la duma. Huyo mmoja amekupa yadi 20 za bure na yeye mwenyewe amebaki amenaswa.

Umbo la Dire Bear linaongeza deraya inayotoka kwenye vifaa kwa asilimia 360 na damu, yaani uhai, 1240. Hesabu ya deraya dhidi ya adui wa kiwango cha 60 ni hii: chukua deraya yako, gawanya kwa deraya hiyo ukijumlisha 5500. Dubu mwenye 8000 anazuia takriban asilimia 59 ya pigo la silaha, mwenye 10000 anazuia karibu asilimia 65. Mtu wa nguo nyepesi mwenye 1500 anazuia kama 21. Kikomo ni asilimia 75. Lakini deraya yote hiyo haizuii hata tone la uchawi, na hapo ndipo dubu anapokufa: walozi wawili (warlock) na mchawi mmoja (mage) humaliza kile ambacho wapiganaji watatu wameshindwa.

Sasa kasoro zake, ambazo ni nyingi kuliko sifa inavyodai.

Travel Form haifanyi kazi chini ya paa. Chumba cha bendera na handaki vinahesabiwa kuwa ndani, kwa hiyo sekunde zako za hatari zaidi, zile za mwanzo, unazitumia kwa kasi ya kawaida au ukiwa dubu. Dash ya umbo la paka, asilimia 60 kwa sekunde 15, ndiyo ya kukutolea mle ndani, ila inarudi baada ya dakika 5. Ukiitumia kuingia badala ya kutoka umeipoteza.

Kila kubadilika kunakula mana, nguvu ya kufanyia uchawi. Druidi mgeni hubadilika kwa kila kitu kidogo, anafika katikati ya uwanja hana mana ya kujiponya wala ya kubadilika tena, na anafia kwenye umbo alilokwama nalo. Kanuni ya kazi: mnyororo wa sekunde chache usio na adui karibu, uvumilie.

Hawezi kunywa dawa akiwa ndani ya umbo. Hili huua wengi. Free Action Potion humkinga mtu na kuduwazwa na kunaswa kwa sekunde 30, lakini haiondoi kilichokwisha kukushika, kwa hiyo inanywewa kabla. Druidi anapaswa kuinywa ndani ya chumba cha bendera, akiwa na umbo lake la mtu, kabla hajabonyeza chochote kingine. Akishaduwazwa ameshachelewa.

Akiwa mnyama anahesabiwa mnyama. Mwindaji anaweza kumtisha kwa Scare Beast, na druidi wa upande wa pili anaweza kumlaza kwa Hibernate. Ukiona mwindaji anatulia akikuelekea badala ya kupiga mishale, toka kwenye umbo.

Mpiganaji

Mpiganaji mwenye ngao ni kinyume cha druidi karibu katika kila kitu. Hana kasi, hana cha kujiponyea, na akinaswa amenaswa. Lakini mweke kwenye chumba cha bendera pamoja na waponyaji wawili na utaelewa kwa nini timu zilizopangwa humtafuta.

Akiwa Defensive Stance, msimamo wa kujikinga, hupunguza maumivu ya kila aina kwa asilimia 10, uchawi ukiwemo. Shield Wall hupunguza asilimia 75 kwa sekunde 10, ila hurudi baada ya dakika 30, yaani ichukulie kama inatumika mara moja kwa mchezo. Last Stand humpa damu ya ziada asilimia 30 kwa sekunde 20, kila dakika 10. Wanaoanza hubonyeza vyote viwili kwa pamoja wakiwa na hofu, na dakika moja baadaye hawana kitu. Last Stand itangulie, kwa sababu inarudi. Shield Wall isubiri wakati mponyaji wako mmoja amekufa na yuko makaburini akihesabu sekunde zake: hizo 10 ni theluthi ya muda wote wa kumsubiri.

Kuhama kwake kunategemea Intercept, ambayo humpeleka hadi yadi 25 kwa adui na kumduwaza kwa sekunde 3. Yadi 25 kwa miguu ni zaidi ya sekunde 3 na nusu, kwa hiyo ni msaada wa kweli mbebaji akiwa njiani na adui akitokea mbele. Tatizo ni kwamba inahitaji Berserker Stance, msimamo unaokuongezea maumivu kwa asilimia 10. Ukitoka kwenye msimamo wa kujikinga kuingia huo, ghadhabu yako inamwagika isipokuwa umeweka pointi 5 kwenye Tactical Mastery, zinazokuhifadhia hadi 25. Mpiganaji wa bendera asiye na talanta hiyo anabadilisha msimamo anajikuta na ghadhabu sifuri, Intercept inahitaji 10, na amesimama mbele ya adui akiwa hana ulinzi wala mwendo. Ni jambo la kuudhi kulitazama.

Kinachomuua ni vitu viwili. Cha kwanza ni Mortal Strike ya mpiganaji wa adui, inayokata uponyaji wowote anaoupokea kwa nusu kwa sekunde 10. Hiyo humwathiri kila mbebaji, lakini huyu anategemea waponyaji peke yao. Cha pili ni hofu ya walozi na makuhani. Berserker Rage humkinga kwa sekunde 10, nayo pia iko kwenye Berserker Stance. Mbebaji aliyeingiwa na hofu haangushi bendera, ila anakimbia hovyo nje ya macho ya waponyaji wake, na kwa mpiganaji hiyo inatosha.

Kabila lina uzito hapa kuliko kwa druidi, ambaye hana uchaguzi: night elf kwa Alliance, tauren kwa Horde, basi. Mpiganaji wa gnome ana Escape Artist, inayomnasua miguu kila dakika moja, na hilo linaziba pengo lake kubwa kabisa. Upande wa Horde, orc hukwepa asilimia 25 ya kuduwazwa na tauren ana damu zaidi kwa asilimia 5. Ningechukua orc. Damu inarudishwa na mponyaji. Sekunde ulizosimama umeduwazwa hazirudishwi na mtu.

Shamani

Ni wa Horde peke yao katika toleo hili. Ghost Wolf inampa asilimia 40 ile ile ya druidi, na kama ya druidi, nje ya paa tu. Kwenye karatasi anaonekana pacha: deraya ya pete za chuma, ngao, uponyaji wake mwenyewe, hata Nature's Swiftness yake.

Uwanjani hafanani naye. Ghost Wolf inachukua sekunde 3 kuita, au 1 ukiweka pointi mbili za Improved Ghost Wolf, na bila hizo pointi usifikirie hata kugusa bendera. Hata sekunde moja inaweza kukatizwa na teke la mwizi. Kisha mbwa mwitu hakati minyororo. Akinaswa, atageuka mbwa mwitu aliyenaswa.

Anacholipa nacho ni totemu, vinyago vya uchawi anavyosimamisha chini. Earthbind huwapunguzia kasi kwa nusu wote wanaoikaribia. Iweke mlangoni unapotoka, siyo miguuni pako ukiwa umekwisha kuzingirwa. Grounding humeza uchawi mmoja unaoelekezwa kwako au kwa wenzako, pengine ile Polymorph, ya kugeuza kondoo, iliyokuwa imekulenga. Zote hufa kwa pigo moja, hivyo adui mwenye macho huzipiga kwanza. Frost Shock humpunguzia kasi adui mmoja tu, kwa hiyo ni ya anayekufukuza peke yake.

Kuna mahali shamani anamzidi druidi bila ubishi: kundi la viwango vya 20 hadi 29. Ghost Wolf hufundishwa kiwango cha 20, Travel Form kiwango cha 30. Katika viwango hivyo, Horde wenye shamani wana mkimbiaji wa kweli na Alliance hawana wa kumjibu.

Kwa kifupi cha kuangalia kabla lango halijafunguka:

| | Druidi | Mpiganaji | Shamani |
|---|---|---|---|
| Kasi nje | +40%, papo hapo | ya kawaida. Intercept yadi 25 | +40%, sekunde 1 hadi 3 kuita |
| Akinaswa | anabadilika, anatoka | anabaki (gnome anatoka) | anabaki |
| Dhidi ya silaha | vizuri sana akiwa dubu | vizuri sana | wastani |
| Dhidi ya uchawi | vibaya | wastani | wastani, Grounding ikiwepo |
| Kujiponya | ndiyo, nje ya umbo | hapana | ndiyo |
| Waponyaji anaohitaji | 0 hadi 1 | 2 | 1 |

Wengine

Paladini, ambaye ni wa Alliance tu, ni msindikizaji bora kuliko mbebaji. Blessing of Freedom yake ikiwekwa kwa mwingine hufuta minyororo na kuzuia mipya, na ukimpa bendera yeye umempotezea mwenzake zawadi hiyo. Juu ya hapo, kinga yake kuu, Divine Shield, huangusha bendera. Mpiganaji mwenye paladini nyuma yake ni mtu mwingine kabisa: pengo la miguu limezibwa. Kwa Alliance wenye paladini wawili, hoja ya kutafuta druidi inapungua sana.

Mwizi ni wa kunyakua, basi. Sprint yake ni asilimia 70 kwa sekunde 15, ambayo humtoa ndani ya ngome kabla walinzi hawajajipanga. Baada ya hapo ana ngozi laini na hana pa kujificha, maana kujificha kunaangusha bendera. Mchawi wa barafu huponyoka vizuri kwa Blink ya yadi 20, ila mpe kazi ya kukulinda mgongo: Frost Nova moja mlangoni ina faida kuliko yeye kubeba. Mwindaji akiwa na Aspect of the Cheetah anapata asilimia 30, lakini mshale mmoja tu ukimpata anapigwa bumbuwazi na kutambaa.

Vinavyoangusha bendera

Kujificha kwa aina yoyote: Prowl, Vanish, Shadowmeld. Kinga kamili: Divine Shield, Ice Block. Na ile inayovunja urafiki, Blessing of Protection inayowekwa juu yako na paladini wa kwenu kwa nia njema. Mkubaliane kwa maandishi kabla lango halijafunguka kwamba mbebaji hawekewi. Druidi, iondoe Prowl kwenye safu ya vitufe vya umbo la paka kwa mchezo mzima. Kawaida imekaa kando ya Dash, na kidole chenye haraka hakichagui.

Kuchagua

Mkiingia bila mpango na hamjui nani anaponya, abebe druidi. Anaweza kukosea mara mbili na bado akafika. Akifika, asikae chumbani peke yake akisubiri. Atumie banda la uponyaji lililo upande wenu wa uwanja, linalorudisha asilimia 10 ya damu na mana kila sekunde kwa sekunde 10, na aendelee kuhama. Dubu asiye na mponyaji akisimama amejihukumu.

Mkiwa na mponyaji mmoja anayeeleweka, bado ni druidi, au shamani mwenye Improved Ghost Wolf kama hamna druidi. Mponyaji aambatane naye kutoka katikati ya uwanja, asimsubiri nyumbani.

Mkiwa na waponyaji wawili au zaidi na adui wenu amejaa wapiganaji na wezi, mpiganaji na druidi wanalingana nyumbani, na unamchagua mwenye vifaa bora. Adui akijaa walozi na wachawi, mpe mpiganaji bila kusita.

Na pale mnapokuwa nao wote wawili, msichague. Druidi aitoe bendera, mpiganaji aipokee nyumbani. Kupokezana kunafanyika hivi: druidi afike mlangoni, mpiganaji amsogelee hadi wasimame sehemu moja, wote wawili watazame kama kuna adui anayeweza kufikia kubonyeza, kwa sababu yeyote wa upande wa pili akiigusa imerudi kwao. Druidi asiiachie kwa kubahatisha alama ndogo pembeni mwa skrini. Atengeneze kitufe (macro) mapema chenye mstari huu:

/cancelaura Warsong Flag

Huo ni wa Alliance, wanaobeba bendera ya Warsong. Horde waandike Silverwing Flag badala yake. Mpiganaji awe ameshasimama, kipanya tayari miguuni pa druidi, na abonyeze mara tu inapotua. Kama adui yuko karibu, druidi aendelee kuishika, apande juu ya mteremko, na mjaribu tena wimbi lao linalofuata la wafu likiwa limetoka kufufuliwa na bado liko mbali.